Naombeni ushauri: dohani ya matofali inamenyuka na baridi ndiyo kwanza inaanza

Mlinzi_wa_Paa
Wakuu, salaam. Nina jambo linaninyima usingizi, naombeni msaada kabla baridi haijakolea.

Tunaishi kwenye nyumba kongwe, ina karibu miaka 100. Dohani yake ni ya matofali mekundu, imechomoza juu ya paa kama mita moja na nusu. Wiki hii usiku maji yanaganda, mchana jua linayeyusha, na kila asubuhi nakuta magamba ya tofali kwenye mfereji wa paa. Ndani, ukuta wa karibu na sehemu ya moto umetoka chumvi nyeupe na doa la maji linazidi kupanuka.

Swali langu ni moja tu: nipake rangi gani isiyopitisha maji kabisa? Nataka kitu kizito. Fundi anakuja Jumamosi, kwa hiyo muda sina. Picha nimeweka hapo chini.

Kiti_cha_Mbele
Nimewahi nafasi. Nafuatilia.

TuaMzigo
Mkuu, bomoa. Yetu tuliishusha mpaka chini ya usawa wa paa, tukaezeka juu yake, tukahamia hita ya umeme. Tangu hapo sijui habari ya masizi wala kupanda ngazi.

Bibi_Msimu
Pole mwanangu. Yangu mimi ilikuwa haina kofia. Ndege wakajenga humo kiangazi kizima na sisi hatuna habari. Siku ya kwanza ya kuwasha moto, moshi wote ukarudi sebuleni, nikamtoa mjukuu nje nimemviringisha blanketi, macho yanamtiririka. Aliyekuja kuisafisha alitoa vijiti ndoo mbili. Weka kofia yenye wavu, mwanangu. Inazuia mvua, theluji na ndege kwa pamoja.

FundiMwiko
Kabla ya rangi, nijibu haya. Unawasha kuni au gesi? Lile zege la juu, linalofunika kichwa cha dohani, lina nyufa? Bati la pale dohani inapotokea kwenye paa limekaa sawa? Na la mwisho: nani aliigusa hiyo dohani mara ya mwisho, na alitumia nini?

Matofali yaliyovumilia karibu miaka 100 hayaamki siku moja yakaanza kumenyuka. Kuna kitu kimebadilika.

Mlinzi_wa_Paa
Kuni. Zege la juu lina ufa mmoja, ncha ya kisu inaingia. Bati liko sawa. Hilo la mwisho sidhani kama lina uzito, ilifanyiwa ukarabati mdogo tu. Naomba turudi kwenye rangi.

Nakazia_Tu
Swali la nne halijajibiwa.

FundiMwiko
Ukarabati mdogo ulifanywa na nani, kwa kutumia nini? Siwezi kukushauri nikiwa gizani.

Mlinzi_wa_Paa
Haya. Ni mimi mwenyewe, kabla ya baridi iliyopita.

Ule udongo mweupe kati ya matofali ulikuwa unapukutika hata kwa ukucha. Nikaukwangua, nikajaza simenti, tena niliizidisha ili ikamate vizuri. Kisha nikapaka rangi nyeusi ya mpira pande zote nne, mikono miwili. Kopo limeandikwa kabisa kwamba halipitishi maji. Sasa naomba mnielewe: simenti ni ngumu kuliko chokaa, hilo halina ubishi, na mimi nilitaka kazi ya kudumu. Kopo la pili nimeshanunua. Fundi wa Jumamosi nimeshamlipa nusu, anakuja kupiga lipu ya simenti dohani nzima, halafu tupake rangi juu yake. Sitaki kusikia kwamba nimepoteza hela.

Nyumba ni ya marehemu baba mkwe. Matofali ya juu aliyapanga upya kwa mikono yake. Mke wangu anajua dohani inavuja. Hajui kwamba niliyeigusa ni mimi, anadhani ni uzee.

MamaWawili
Kaka, hapo kwenye aya ya mwisho ndipo penye ufa mkubwa. Mwambie mwenzio leo hii, kabla vipande havijamwambia. Mimi mume wangu alinificha kwamba paa letu lilikuwa linavuja, akawa anaamka usiku kubadilisha ndoo kwa siri. Ndoo haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba alinyata.

FundiMwiko
Asante kwa kusema ukweli. Sasa nisikilize, kaka.

Tofali linakunywa maji. Si kosa, ndivyo lilivyo, na la zamani aghalabu hunywa zaidi. Mvua ikipiga linalowa, upepo ukija linakauka. Ile chokaa uliyoiona dhaifu ndiyo ilikuwa njia ya unyevu kutokea. Ni laini kuliko tofali kwa makusudi: ukuta ukicheza kwa joto na baridi, chokaa ndiyo inaumia, na chokaa unaibadilisha. Saruji ya Portland, yaani hii simenti ya kawaida, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, lakini mafundi wengi waliendelea kujengea chokaa muda mrefu baada ya hapo. Nyumba yako ina alama hiyo.

Wewe umeweka kiungo kigumu kuliko tofali, ukafunika na ngozi ya mpira. Maji yanaingia kwenye ule ufa wa juu, yanashuka ndani ya matofali, yakitaka kutoka yanakuta mlango umefungwa. Usiku yanaganda. Maji yakiwa barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9, na hapo yana sehemu moja tu ya kusukuma, uso wa tofali. Ukiongeza lipu na rangi nyingine, utakuwa umemfunga mgonjwa blanketi la pili juu ya jasho.

Mwahirishe fundi. Na kama atakubali kupiga lipu kwenye barafu, basi mtafute mwingine.

Mlinzi_wa_Paa
Lakini msimu uliopita wote haikuvuja hata tone. Rangi ilifanya kazi. Labda niliipaka nyembamba.

FundiMwiko
Msimu uliopita ufa wa juu ulikuwa bado mdogo. Rangi si nyembamba, kaka, ni ya aina isiyofaa.

MchunguziHuru
Wakuu, mnakunywa chai hapa. Tazameni picha aliyoweka: mti wa nyuma una majani mabichi, paa kavu, hakuna hata chembe ya theluji. Halafu mtu asiye fundi apande peke yake na simenti, akwangue viungo vya pande nne, apake mikono miwili, na mke asijue? Mke alikuwa wapi? Hii hadithi ameitunga apate wachangiaji.

Kiti_cha_Mbele
Daah, hata mimi majani sikuyaona. Leta picha ya leo.

TuaMzigo
Nilihisi. Ndiyo maana nikasema bomoa, kama ipo.

Bibi_Msimu
Jamani, hata kama ametunga, matofali ya watu wengine wanaosoma hapa si ya kutunga. Mwacheni fundi amalize.

Mlinzi_wa_Paa
Picha ya kwanza ni ya katikati ya mwaka, nilikuwa nayo kwenye simu, nikaona itatosha. Mke wangu alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, wiki tatu. Ndiyo maana nilifanya wakati ule.

Hii ni ya leo, saa moja asubuhi. Hicho ni kiganja changu. Kipande kina upana wa vidole vinne. Uso wa mbele rangi bado inang'aa, haina hata mkwaruzo. Nikakigeuza. Nyuma yake tofali limekuwa unga mwekundu uliolowa, na katikati ya unga na rangi kuna kigamba cha barafu chembamba kama ukucha. Kikayeyuka nikiwa nakitazama, maji mekundu yakaingia kwenye mkono wa koti.

Sina tena hoja ya kutetea kopo la pili. Fundi nimempigia asije. Niambieni nifanye nini.

MchunguziHuru
Picha nimeiona. Nafuta kauli, mkuu. Pole.

FundiMwiko
Kwanza, usiwashe moto humo mpaka mkaguzi wa dohani aingize kamera ndani. Unyevu wa namna hiyo unalegeza na viungo vya ndani, na moshi ukipata upenyo wa kuingia chumbani unakuja na kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Weka king'ora chake karibu na mnapolala.

Moto ukiwa umezimwa kabisa, subiri siku kavu, mtu mwenye mikanda ya usalama apande azibe ule ufa kwa gundi ya nje inayonyumbulika, kisha afunge turubai juu kama kofia, lishuke kidogo tu ubavuni, chini pabaki wazi hewa ipite. Hapo basi mpaka baridi iishe. Chokaa mbichi ikigandishwa inakufa, na inahitaji wiki kadhaa bila baridi kali ili ikomae.

Joto likirudi: toa rangi taratibu kwa dawa ya kubandulia iliyojaribiwa pembeni kwanza, usikubali kupuliziwa mchanga, unakula ngozi ngumu ya tofali. Simenti itoke kwa patasi na mkono mwepesi, viungo vijazwe chokaa, kina kiwe mara 2 hadi 2.5 ya upana wa kiungo. Matofali yaliyopoteza uso yabadilishwe. Zege la juu limwagwe upya lenye mteremko, litokeze nje ya matofali kama sentimita 5, chini yake liwe na kijifereji cha kudondoshea matone. Kofia yenye wavu, kama Bibi alivyosema. Mwishoni, ukipenda, kuna dawa za silani na siloksani: zinakataa mvua lakini zinaacha mvuke utoke. Hazitengenezi ngozi.

MamaWawili
Na nyumbani je?

Mlinzi_wa_Paa
Nimemwambia jana usiku, na kile kipande nikamkabidhi. Alikigeuza geuza muda mrefu bila kusema. Kisha akaniuliza kwa nini sikumuuliza yeye. Kumbe baba yake alipopanga yale matofali ya juu, yeye alikuwa na miaka kumi na moja na ndiye aliyekuwa akikoroga: chokaa ndoo 1, mchanga ndoo 3, mpaka ing'ang'anie mwiko ukiupindua.

FundiMwiko
Kipimo ni hichohicho. Mwambie asikisahau mpaka joto lirudi.