Vifaranga vya Namanga: tulizuia mafua ya ndege au tulizuia biashara?

Mzee_wa_Banda: Wadau, kuna kijana anaanza kufuga kaniuliza nikakosa jibu la kumtosheleza. Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilikamatwa Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mamlaka zetu za Tanzania zikaviteketeza kwa moto, sababu ikitajwa ni kuzuia mafua ya ndege. Je, hatua ile ilizuia ugonjwa kweli? Nataka hoja, matusi pelekeni kwingine.

BilaChenga: Vilichomwa vikiwa hai. Sina la kuongeza.

Kibali_Kwanza: Huruma mnaijua leo? Broila mnayekula kila Jumapili aliagwa kwa maombi? Zuio la kuingiza vifaranga lilikuwepo tangu H5N1, aina kali ya mafua ya ndege, ilipoingia Afrika 2006, Nigeria kisha Misri na Sudan. Mwenye mzigo alijua. Halafu Januari ya mwaka huohuo wa 2017 ndege wa porini walikufa Uganda, pale Entebbe, pwani ya Ziwa Victoria. Ziwa ni letu sote. Na Kenya wenyewe walifungia kuku wa Uganda papo hapo. Wakifunga wao ni afya, tukifunga sisi roho mbaya?

KukuWaThika: Uganda ilithibitishwa H5N8, aina nyingine ya mafua ya ndege, ndiyo maana sisi Wakenya tukafunga. Huku Kenya mlikuta kisa gani? Hata kimoja hakuna. Na mwezi huohuo mkapiga mnada ng'ombe 1,300 wa Wamasai wetu. Ng'ombe pia walikuwa na mafua ya ndege?

Kibali_Kwanza: Cheka tu. Machi 2024 huko Texas na Kansas, Marekani, ng'ombe wa maziwa walikutwa na H5N1, tena iko ndani ya maziwa. Dhihaka yako imekuwa sayansi.

KukuWaThika: Kwa hiyo mliona mbele miaka saba? Hongera kwa unabii.

BilaChenga: Vifaranga vya siku moja jamani. Hai.

Dkt_Mifugo_Kanda: Naomba niingie. Kuku mzazi akipata virusi vikali anaacha kutaga, na yai likiwa na virusi kiinitete kwa kawaida hufia ndani. Kifaranga mwenyewe si wa kutisha sana. Cha kuogopa ni boksi, tairi la gari, trei za mayai na viatu vya aliyetoka kwenye banda lenye ugonjwa, maana kinyesi kinabeba virusi vingi mno. Tatizo la mpakani ni muda: kifaranga anaishi siku mbili tatu kwa akiba ya kiini tumboni, majibu ya maabara hayajarudi yeye keshakufa. Ama umrudishe alikotoka ama umuue. Lakini kuua kuna njia zake, gesi ya kaboni dioksaidi kwa mfano. Moto haumo. Na watu wapunguze hofu: 2006 kila kuku akidondoka walipiga simu "homa ya ndege", tukienda tunakuta kideri, ugonjwa mwingine wa kuku.

Mjukuu_wa_Bi_Mkubwa: Hiyo 2006 kuku wa bibi yangu walikufa karibu wote. Akawapa waliobaki shubiri na pilipili kwenye maji, nusu wakapona. Hakuna daktari aliyefika.

Dkt_Mifugo_Kanda: Hao nusu wangepona hata mngewapa soda.

Mjukuu_wa_Bi_Mkubwa: Umemtukana bibi yangu. Bibi amesomesha watoto kwa mayai ya kienyeji, shahada yako wewe imemsomesha nani?

Pweza: Daktari kajitafutia 😂

MamaTrei: Shubiri inasaidia jamani, mimi natumia. Mwarobaini pia. Kuku wanachangamka.

Dkt_Mifugo_Kanda: Wanachangamka kwa sababu hawaumwi, mama. Kideri ni kirusi, na mafua ya ndege ni kirusi kingine kabisa. Dalili zinafanana: kuhara kijani, kukoroma, vifo vya ghafla. Kwa macho hata mimi sitofautishi, ni maabara tu. Cha kideri kina chanjo, I-2, tone moja jichoni, na inatengenezwa hapahapa Kibaha.

Mjukuu_wa_Bi_Mkubwa: Kwa hiyo hata wewe hutofautishi. Bibi naye hakutofautisha. Mko sawa.

Fundi_Mashine_ya_Mayai: Mmeacha kitu. Ukimchomea mtu mali bila fidia, wa pili atapita njia ya panya usiku, na mwenye kuku wagonjwa atawauza sokoni kabla daktari hajafika. Hong Kong 1997 walipoua kuku zaidi ya milioni moja, wafugaji na wauzaji walilipwa. Hapo ndipo ugonjwa unapozuiwa au unapofichwa.

Pweza: MamaTrei, hiyo shubiri unaiponda au unaichemsha?

MamaTrei: Unakata jani vipande, unaloweka usiku kucha. Isikolee, hawatakunywa.

KukuWaThika: Hata huku Kenya twatumia shubiri. Hapo tumekubaliana bila kibali.

Kibali_Kwanza: Msituletee na shubiri sasa.

BilaChenga: Naona mmehamia kwenye mapishi. Vile vifaranga vilikuwa na thamani ya milioni 12 na ushee, vilikuwa vya Mtanzania mwenzetu, mwanamke mjasiriamali. Hasara ilikuwa ya Mkenya gani hapo?

Kibali_Kwanza: Ya aliyevunja sheria, uraia hauhusiki. Na 2018 wakachoma tena, mbona hamkujifunza?

Mzee_wa_Banda: Niliuliza swali moja. Tumetoka mpakani, tuko jikoni kwa bibi. Aliyegusia fidia hamjamjibu.

Mjukuu_wa_Bi_Mkubwa: Bibi hajaombwa radhi bado.

Kijana_Bomang'ombe: Samahani wakubwa, ndiye mimi niliyemuuliza Mzee. Hiyo I-2 nikinunua chupa moja na kuku wangu ni ishirini tu, inayobaki naitunza wapi?

Dkt_Mifugo_Kanda: Usiitunze ikishafunguliwa, kijana. Changisha na majirani, mchanje wote siku moja, mrudie baada ya miezi mitatu.

MamaTrei: Na shubiri kidogo.