Triatloni kwa saa chache na vifaa vichache: siku tatu, siku sita, au niache baiskeli kabisa?

Kasia_Moja (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya waliopita njia hii, maana nimekwama.

Mwaka jana nilimaliza triatloni yangu ya kwanza ya masafa ya Olimpiki: mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli, kilomita 10 za mbio. Nilijiandaa miezi sita, wastani wa saa kumi kwa wiki. Nilimaliza salama, ila kesho yake sikuwa na hamu hata ya kuitazama baiskeli. Miezi ile yote niliangalia namba za kwenye saa kuliko nilivyoangalia barabara, na wanangu walizoea kuniona natoka tu. Mchezo wenyewe naupenda sana. Sitaki kuuacha, nataka nibaki na kile kinachonipa raha na kuweka kando mengine yote.

Nina saa nne kwa wiki, tano nikijibana. Vifaa ni baiskeli ya kawaida ya barabarani, helmeti, viatu vya mbio na miwani ya kuogelea. Sipangi kuongeza kitu. Ninazopima ni njia tatu:

Ya kwanza ni siku tatu kwa wiki, kila mchezo siku yake, nilenge masafa mafupi (mita 750, km 20, km 5). Ya pili ni siku sita za dakika 30 hadi 40, nibaki kwenye masafa ya Olimpiki. Ya tatu ni kuachana na baiskeli, niogelee na kukimbia tu.

Aliyejaribu yoyote kati ya hizi aniambie ilimwendeaje.

Gia_Moja

Mkuu, mimi ni wa siku tatu, huu ni msimu wangu wa tatu na sijutii.

Wengi huogopa kwamba pumzi itaisha wakipunguza siku. Mwaka 1981 Hickson na Rosenkoetter walichapisha utafiti wao juu ya jambo hilo hilo. Watu walifanya mazoezi siku sita kwa wiki kwa muda wa wiki kumi, kisha wakapunguziwa, wengine siku nne, wengine siku mbili, kwa wiki 15. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulibaki pale pale. Sharti lilikuwa moja: kila zoezi lililobaki lilifanywa kwa ukali ule ule wa mwanzo. Wewe umetoka kwenye miezi sita ya saa kumi kwa wiki, kwa hiyo hujengi upya, unatunza ulichonacho. Anayeanza kutoka kwenye kochi hesabu yake ni nyingine.

Wiki yangu: Jumanne naogelea dakika 45. Alhamisi nakimbia dakika 40, ndani yake mara sita za dakika mbili kwa kasi ya kuniishia pumzi. Jumamosi baiskeli saa moja na nusu, nikishuka tu navaa viatu nakimbia dakika 15. Hizo dakika 15 usizikose. Miguu iliyotoka kwenye pedali inakuwa mizito kama ya kukodi, na ikizoea kugeuka kutoka mwendo mmoja kwenda mwingine mazoezini, siku ya mashindano haikushangazi.

Mwalimu_wa_Bwawa

Kasia_Moja, hongera kwa kumaliza. Nakubaliana na Gia_Moja kwa mbio na baiskeli. Kwa kuogelea sikubaliani naye hata kidogo, na naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wengi wakijinyima raha ya mchezo huu.

Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Ukikimbia vibaya kidogo unapoteza kidogo. Ukiogelea vibaya kidogo, nguvu karibu yote inaishia kusukumana na maji. Mtu mwenye mapafu ya farasi lakini miguu inayozama anapitwa na mzee wa miaka sitini aliyelala sawa juu ya maji, na mzee huyo anatoka akiongea. Kwa hiyo kwenye kuogelea unafundisha mwili hisia kuliko unavyofundisha moyo, na hisia hiyo inasahaulika haraka. Ukiingia bwawani mara moja kwa wiki, nusu ya kipindi inakwenda kukumbuka ulichokiacha wiki iliyopita. Mara mbili za dakika 25 zinakupa zaidi ya mara moja ya saa nzima. Hili nimeliona kwa wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka.

Niambie kitu kimoja: ukishapita mita 100, unahema?

Kasia_Moja

Nahema sana, Mwalimu. Siku ya mashindano nilibadilisha mtindo mara nne ili nipumzike. Mbio nakimbia saa nzima bila shida, ndiyo maana sielewi.

Mwalimu_wa_Bwawa

Basi una pumzi ya kutosha, ila unaizuia. Watu wengi wanabana hewa uso ukiwa majini, kisha wakigeuza kichwa wanajaribu kutoa na kuvuta kwa mpigo mmoja. Muda hautoshi. Kifua kinabaki kimejaa hewa iliyotumika, na mwili unapiga kengele ya hatari. Toa pumzi polepole puani na mdomoni muda wote uso ukiwa chini, mapovu yaendelee bila kukatika, ili ukigeuka kazi iwe kuvuta tu.

Jambo la pili ni kichwa. Ukitazama mbele, nyonga zinashuka na miguu inafuata. Tazama sakafu ya bwawa, shingo ilegee. Jisukume kutoka ukutani mikono imenyooka, ulale tu hadi mwendo uishe, usipige chochote. Rudia mara nane. Zoezi hilo halina gharama na linafanya kazi kuliko kifaa chochote nilichowahi kuona kikiuzwa.

Na la tatu, usijifunzie bwawani tu. Kwenye ziwa au baharini hakuna mstari mweusi wa kukuongoza. Kila baada ya mikono sita au minane inua macho, macho tu, kama mamba, uone alama uliyoichagua ufukweni. Asiyetazama anaogelea mita 900 kwenye shindano la 750. Tena usiingie maji ya wazi peke yako, hata ukiwa hodari kiasi gani.

Tairi_Bapa

Mimi niongelee vifaa, kwa sababu umesema hutaki kuongeza na nataka uendelee kusimama hapo hapo.

Mchezo huu ulianza bila vifaa. Triatloni ya Mission Bay huko San Diego, Septemba 25, 1974, ilifanyika Jumatano jioni. Watu 46, na sehemu ya mbio walikimbia peku kwenye nyasi na mchanga. Ile triatloni ya masafa marefu ya Hawaii (Ironman), ya kwanza mwaka 1978, walianza 15, wakamaliza 12. Waliokuja baadaye ndio waliotuletea orodha ndefu za manunuzi.

Nitasema ukweli wote, kifaa kina faida. Mwaka 1989 Greg LeMond alishinda Tour de France kwa sekunde 8 siku ya mwisho, akiwa na vishikio vya kulalia vilivyotoka kwenye triatloni. Lakini yeye alikuwa ameshamaliza kila kingine cha kuboresha. Kwenye tambarare, ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako, nguvu ya kuushinda upepo inabidi iongezeke mara nane, na sehemu kubwa ya upepo huo inagonga mwili wako, si baiskeli. Kukunja viwiko, kushusha kifua na kuvaa fulana isiyopepea ni bure kabisa.

Unachopaswa kuwa nacho: breki zinazoshika, tairi zenye upepo, mnyororo uliosafishwa na kutiwa mafuta, tyubu moja ya akiba, vijiti vya kubandulia tairi na pampu ndogo. Jifunze kubadili tyubu ukiwa nyumbani umekaa chini, mara tatu, hadi usihitaji kufikiri. Urefu wa kiti nao uangalie: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Ukisogeza mguu mahali pake litabaki limekunjika kidogo, na hapo goti lako litakushukuru.

Na kwenye eneo la kubadilishia, pale unapotoka mchezo mmoja kwenda mwingine, funga kamba ya helmeti kidevuni kabla hujagusa baiskeli. Ni kanuni, na watu wanaadhibiwa kwa hilo.

Bibi_Mbio

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo marahaba. Nina miaka 57, nimejaribu siku sita. Niseme nilichokiona.

Kwenye karatasi dakika 30 ni dakika 30. Bwawani dakika 30 ni saa moja na nusu: kwenda, kubadilisha nguo, kuoga, kurudi. Zidisha na siku za baiskeli, kuikagua na kuifuta. Zile "saa nne" zilinilia saa nane, na mchana niliishi na begi mkononi. Kama unachotafuta ni nafasi kwa ajili ya watoto, njia ya pili itakudanganya.

Kingine, ukano wa nyuma ya kisigino ulianza kunisumbua kwa sababu nilikimbia siku tatu na kila siku nilijiona nina haraka. Nilipobaki na mbio mara mbili, moja ikiwa ile fupi ya kushuka baiskeli, uliacha. Moyo unajengeka kwenye baiskeli vizuri tu bila kugonga miguu chini.

Polepole_Daima

Kuhusu saa na namba zake: iache nyumbani, Kasia_Moja. Kama unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika, huo ni mwendo mwepesi. Kama unatoa neno moja moja, huo ni mkali. Kwa siku nyingi kipimo hicho kinatosha.

Natofautiana kidogo na Gia_Moja kwenye ukali. Mark Allen alishinda ile Ironman ya Hawaii mara sita, na anajulikana kwa kufanya mazoezi mengi akiwa na mapigo ya moyo ya chini, kwa ile kanuni ya kocha wake Phil Maffetone: mapigo kwa dakika yasizidi 180 kutoa umri. Mwendo mwepesi una nguvu ambayo watu wenye haraka hawaijui.

Gia_Moja

Mkuu Polepole, nakuheshimu, ila Allen alikuwa na siku nzima. Ukifanya mazoezi zaidi ya saa 20 kwa wiki huwezi kuyafanya yote kwa ukali, utavunjika. Mwenye saa nne ana siku za kutosha za kupumzika. Akienda polepole kila kipindi, hapati wingi wala ukali.

Polepole_Daima

Hapo umenishika. Basi tukubaliane hivi: kipindi kimoja kikali cha mbio, kidogo ndani ya kuogelea, na baiskeli ya Jumamosi iwe ya kuongea. Mtu anayesaka raha anahitaji angalau siku moja ya kuona mazingira anayopita.

Kisiwa_Hadi_Kisiwa

Hakuna aliyegusa njia ya tatu, na mimi ndiyo ninayoishi nayo.

Kuogelea na kukimbia kwa kupokezana kulianza Sweden. Mwaka 2002 marafiki waliwekeana dau la kuvuka visiwa kutoka Utö hadi Sandhamn, na mwaka 2006 likawa shindano kamili, ÖTILLÖ, la timu za watu wawili wawili, jumla kilomita 75 hivi. Usiogope masafa hayo, yapo mafupi kila namna. Uzuri wake ni kwamba hakuna eneo la kubadilishia. Unaogelea na viatu miguuni, unatoka majini unakimbia, unaingia tena. Viatu vinavuta miguu chini, kwa hiyo wengi hufunga boya pajani ili miguu ielee. Na kwa sababu mko wawili, huwezi kujisahau kwenye namba. Unamsikiliza mwenzako anavyohema.

Ila kama bado unahema kwenye mita 100, subiri. Njia hii itakuadhibu mahali pale pale alipokuonyesha Mwalimu.

Kasia_Moja

Nimesoma yote mara mbili, asanteni kwa moyo wenu. Nilikuja nikidhani nachagua kati ya siku tatu na sita. Nimegundua nilikuwa napunguza kila kitu kwa usawa, wakati kuogelea ndiko kulikonifanya nichukie ile siku.

Nitafanya vipindi vinne: kuogelea mara mbili za dakika 30, mbio mara moja ya dakika 40 yenye ukali, na Jumamosi baiskeli saa moja na nusu pamoja na dakika 15 za mbio. Saa itabaki kabatini. Nitalenga masafa mafupi mwaka huu, na visiwa nitavifikiria nikishaweza mita 750 bila kubadilisha mtindo.

Maswali mawili. Masafa mafupi yanahitaji zile jeli za sukari? Na Mwalimu, zoezi la mapovu nilifanye mwanzo wa kipindi au mwisho?

Bibi_Mbio

Kwa shindano la saa moja na kitu, kula chakula chako ulichozoea saa mbili au tatu kabla, inatosha. Maji kunywa ukisikia kiu. Usijilazimishe machupa kwa machupa, kwani maji yakizidi huizimua chumvi ya damuni, na hilo ni hatari ya kweli.

Mwalimu_wa_Bwawa

Mwanzo, kabla hujachoka. Mita 25, simama, vuta hewa mara tatu, mita 25 tena, mara nane. Ukiona kwenye ya tano mapovu yamekatika, rudi kwenye ya kwanza. Wiki mbili za hivyo, kisha njoo hapa uniambie umefika mita ngapi.