Kumwekea mtu dawa kwenye kinywaji si kichekesho: nina hasira na The Hangover na wote wanaoisifia

Wakuu, salamu. Uzi huu utawaudhi baadhi yenu na sitaomba radhi.

Kila mtu akiuliza filamu ya kuchekesha ya kuangalia na washikaji kabla ya harusi, jibu la kwanza ni The Hangover. Kisha kila mmoja anataja kipande chake: simbamarara chooni, mtoto mchanga kabatini, jino la Stu. Sijaona hata mmoja anayetaja kwamba katika filamu ile wanaume watatu walinyweshwa dawa ya kulevya bila wao kujua, na aliyewanywesha ni mwenzao waliyesafiri naye gari moja. Hilo si jambo la pembeni. Ndiyo filamu yenyewe. Ukiliondoa, hakuna hadithi.

Hebu tuangalie kinachoonyeshwa. Marafiki wanne, Doug, Phil, Stu na Alan, wanapanda juu ya paa la hoteli ya Caesars Palace kule Las Vegas, wanagonganisha glasi za Jägermeister kumuaga Doug anayekwenda kuoa. Alan, shemeji yake mtarajiwa, ameshaweka vidonge kwenye pombe. Asubuhi hakuna anayekumbuka chochote na bwana harusi haonekani. Wanafika hospitali, daktari anawaambia damu ya Phil imekutwa na ile dawa wanayowekewa wanawake ili wabakwe. Phil anauliza kama na yeye alibakwa. Daktari anafikiri kwanza kabla ya kujibu. Hapo watu wanaangua kicheko.

Hapo ndipo nilipokasirika, na mpaka leo sijapoa. Swali la Phil ni swali la kweli. Ndilo analojiuliza mtu aliyeamka kwenye chumba asichokijua, mwili unauma na kichwani hamna kitu, na mara nyingi hapati wa kumjibu. Watunzi walilijua swali hilo vizuri. Wakalichukua, wakaliweka mdomoni mwa Bradley Cooper, mwanaume mwenye nguvu zake na sura yake, ili lionekane jambo lisilowezekana. Kicheko chote pale kimekaa juu ya imani kwamba mwanaume habakwi. Mwanaume aliyefanyiwa hivyo akiwa amekaa katikati ya wanaocheka, unadhani atamwambia nani?

Na tusidanganyane kwamba wakati ule mambo haya yalikuwa hayajulikani. Dawa inayozungumziwa ni flunitrazepam, maarufu kwa jina la Rohypnol. Kuna nchi inatumika kwa wagonjwa wanaokosa usingizi, lakini Marekani, ambako ndiko hadithi inatokea, haijawahi kuruhusiwa kwa matibabu. Moja ya athari zake ni kuuzuia ubongo usihifadhi kinachotokea. Mtu anatembea, anaongea, anaitika, hata saini anatia, ila hakuna kinachobaki kichwani; kesho yake hata ajitahidi vipi hana cha kukumbuka, kwa sababu hakikuwahi kuhifadhiwa. Ikikutana na pombe inaweza kudidimiza pumzi mpaka mtu akafia usingizini. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mahsusi: anayempa mtu dawa ya kulevya bila mwenyewe kujua, kwa lengo la kumfanyia ukatili kama kumbaka, anaweza kufungwa hadi miaka 20. Watengenezaji nao wakabadilisha kidonge ili kikiyeyuka kitoe rangi ya buluu, mnywaji aone kwamba glasi yake imechezewa. Yote hayo yalikuwa yameshafanyika filamu ilipotoka mwaka 2009. Aliyeandika kile kituko cha hospitali alijua anaandika nini.

Najua mtetezi wa kwanza atakuja na hili: Alan alidhani ni ecstasy, dawa ya kulevya ya starehe, alitaka wenzake wafurahi tu. Kwa hiyo? Hakuwauliza. Nia nzuri ya anayeweka haimsaidii kitu anayekunywa. Na filamu yenyewe inampitisha haraka mno. Wakiwa jangwani, ukweli umefichuka, wenzake wanafoka kidogo, muda si mrefu Stu anang'amua Doug yuko wapi, na habari ya vidonge inafia hapo. Doug walimwacha juu ya paa, kwenye jua la jangwa, tangu usiku ule. Wanamkuta ameungua ngozi, hoi. Jua la pale linaua watu. Hakuna anayeulizwa, na harusi inafungwa siku hiyo hiyo.

Sasa nitasema jambo ambalo wanaoichukia filamu hii huwa hawapendi kulisikia. Jon Lucas na Scott Moore walioiandika si watu wasiojua kazi. Kuuruka usiku wenyewe na kutuonyesha asubuhi tu, halafu tukatafuta pamoja na wahusika kilichotokea, ni ufundi mkubwa. Kichekesho kinakwenda kwa mwendo wa hadithi ya upelelezi na unabaki umekaa ukingoni mwa kiti. Ndiyo maana nina hasira zaidi. Fundi wa kiwango kile hawezi kuniambia kwamba dawa ilimponyoka tu kalamuni.

Jiulizeni: dawa ilikuwa ya nini? Pombe peke yake ikizidi inafuta kumbukumbu. Wanaume wazima wamekwenda Las Vegas kumuaga mwenzao ubachela, wakinywa mpaka wakapotea hakuna atakayeshangaa. Hadithi ingesimama vilevile. Tofauti ni moja: wangekuwa wamelewa kwa mikono yao wenyewe. Stu, aliyemwacha mchumba nyumbani, halafu akafunga ndoa usiku huo huo na mwanamke aliyekutana naye pale pale, angekuwa msaliti. Walioiba gari la polisi wangekuwa wezi. Dawa inawasafisha wote. Walifanya, lakini si wao. Na aliyewawekea dawa ameandikwa kama mtu mwenye akili ya kitoto ili naye tumwonee huruma. Uhalifu upo na mhalifu hayupo. Watunzi waliichukua silaha ya wabakaji wakaigeuza kuwa cheti cha kuwaondolea lawama wanaume, na sisi tukapiga makofi. Filamu iliyogharimu dola milioni 35 hivi iliingiza zaidi ya milioni 460 duniani kote, na Januari 2010 ikachukua tuzo ya Golden Globe ya filamu bora ya vichekesho au muziki.

Halafu zile picha za mwisho. Wengi wenu mnasema ndicho kipande bora kuliko vyote. Kamera imepatikana, wanakubaliana watazame mara moja kisha wafute, na sisi tunaonyeshwa picha moja baada ya nyingine za watu wasiojitambua wakifanya mambo ambayo wakiwa na akili zao wasingeyafanya. Mtu aliyewahi kuwekewa dawa hofu yake kubwa, baada ya ile ya mwili, ni hiyo hapo: kwamba mahali fulani kuna picha, na kuna watu wanaziangalia wakicheka. Filamu imeigeuza hofu hiyo kuwa zawadi ya kuagana na watazamaji. Mimi zile picha siwezi kuziangalia hadi mwisho.

Mkisema ya kwanza iliteleza, haya, twendeni ya pili, ya mwaka 2011. Safari hii ni Thailand, anayeoa ni Stu, na Alan anarudia. Anaweka dawa zake mwenyewe, za kulegeza misuli na za matatizo ya umakini, kwenye mashmelo, zile peremende laini za kuchoma motoni. Tena safari hii si kwa bahati mbaya. Alizikusudia kwa Teddy, mdogo wake bibi harusi, kijana wa miaka 16, kwa sababu tu alimwonea wivu. Alikosea mfuko, wakala wote. Teddy anasomea udaktari, ndoto yake ni upasuaji, na anapiga cello. Asubuhi mjini Bangkok kidole chake kinakutwa ndani ya bakuli, bado kina pete ya chuo. Kidole cha mtu anayetaka kuwa daktari wa upasuaji! Mtoto huyo kakatika kidole kwa sababu mtu mzima kamwekea dawa makusudi, na bado tunatarajiwa kutoka pale tukimpenda Alan.

Humo humo kuna la Stu. Anaambiwa usiku ule alilala na mtu asiyemkumbuka, kwa namna ambayo akiwa mzima asingekubali. Analia, anachanganyikiwa, na kamera inabaki usoni kwake ili tucheke. Mwanamke aliyebadili jinsia aliyekuwa naye anafanywa kinyago, na hilo ni tusi la peke yake. Lakini mtazameni Stu pale. Huyo ni mtu aliyelevywa bila kujua, ndiyo kwanza anaambiwa kilichofanyika kwenye mwili wake. Angekuwa mwanamke analia vile, studio gani ingethubutu kuiita komedi? Na bado filamu hiyo iliuza kuliko ya kwanza.

Mniepushe na lile jibu la kwamba sijui kucheka. Mwaka huo huo wa 2011 ilitoka Bridesmaids, ya Kristen Wiig na Annie Mumolo, chafu vilevile, ina matapishi na kila kitu, mpaka uchezaji wa Melissa McCarthy na hati ya filamu vikateuliwa kuwania Oscar. Mle mhusika mkuu, naye anaitwa Annie, anaogopa ndege wakati wanaelekea Las Vegas kumuaga bibi harusi mtarajiwa. Anapewa kidonge na mwenzake, anajua ni kidonge, anameza mwenyewe na kukishushia kwa pombe, anafanya fujo mpaka ndege inatua njiani. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Halafu analipa: anavuliwa usimamizi wa harusi ya rafiki yake wa tangu utotoni, na inamuuma, na sisi tunaona inavyomuuma. Fujo ni yake na aibu ni yake. Kwa hiyo inawezekana, na watu wanajaza kumbi vilevile.

Wapo watakaoniambia kwamba ya tatu, ya 2013, walijirekebisha, hakuna sherehe ya kuaga ubachela na hakuna aliyewekewa dawa. Hao waliinuka kabla haijaisha. Majina yameanza kupita, Alan ameoa, wanaamka tena kwenye chumba kilichovurugwa, hawakumbuki kitu, na Stu anajikuta amefanyiwa upasuaji wa kuwekewa matiti. Alan anakumbuka keki ya harusi ilikuwa zawadi ya Chow, yule jambazi wa filamu hizi. Mara ya tatu! Safari hii wamempasua mtu kifuani akiwa hajitambui, na wameiweka mwishoni kabisa ili mtoke mkicheka.

Anayetaka kuitetea karibu, ila anijibu kuhusu zile glasi za juu ya paa. Mambo ya simbamarara na Mike Tyson msiniletee.