Muvi ya nne iko wapi?

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Wengine mambo. Nani ana muvi ya nne ya Divergent anirushie? Nimemaliza Allegiant, ile ya tatu, jana usiku, imeishia hewani.

Mama Zai: Marahaba mwanangu. Jana usiku si uliniambia unasoma Fizikia?

Hamisi: Nilisoma kwanza mama mdogo 🙏

Rehema: Pole Hamisi. Haipo.

Hamisi: Haipo kwako au haipo kabisa?

Rehema: Haikutengenezwa. Kitabu cha mwisho kilikuwa kimoja, wao wakakikata vipande viwili. Hiyo uliyoiona ilitoka 2016, Marekani ikaingiza dola milioni 66 tu, na ile ya kwanza ilipata zaidi ya 150. Ya nne ilikuwa itoke 2017. Walipoona mauzo wakasema basi iwe ya televisheni. Shailene Woodley, huyo anayecheza Tris wako, akasema yeye hakusaini mambo ya televisheni. Ikafa kimya kimya.

Mjomba Salum: Yaani abiria mmekata tiketi ya Tanga, mkashushwa Segera 😂

Hamisi: Sasa mwisho nitaujuaje?

Zuhura: Soma kitabu.

Rehema: Asisome. Atakasirika mara mbili.

Zuhura: Umeanza.

Rehema: Hamisi toka humu kidogo, nataka kuusema mwisho.

Hamisi: Sitoki. Sema.

Rehema: Tris anakufa.

Hamisi: ACHA

Hamisi: Dada Rehema acha utani

Mama Zai: Ni yule binti wa kurukia treni? Maskini. Yule nilimpenda.

Zuhura: Jamani hata kumwandaa mtoto hakuna!

Rehema: Kaomba mwenyewe. Na kifo chenyewe mie sina ugomvi nacho. Kitabu kilipotoka 2013 watu walilia, wakamtukana mwandishi, Veronica Roth wa watu, mimi simo. Ugomvi wangu ni namna alivyouawa. Kaka yake Caleb, yule msaliti, ndiye aliyejitolea kuingia chumba cha silaha. Tris anamzuia, anaingia yeye. Mlangoni kuna sumu ya mauti, haijapata kumbakiza mtu. Anaivuta, anasimama. Sawa, nimekaa vizuri kwenye kiti. Anafika ndani anamkuta David, bosi wa pale, kwenye kiti cha magurudumu, ana bastola. Pa! Basi. Huyo David tumemjua kitabu hichohicho. Vitabu vitatu vya mapenzi, vita, marafiki kufa, mwisho unamkabidhi mtu ambaye hata kumchukia hatujawahi.

Zuhura: Lakini kumbuka kitabu cha kwanza. Mama yake alikufa akimkinga na risasi, baba yake naye vilevile. Kitabu cha pili akajipeleka mwenyewe kwa maadui auawe, mpenzi wake Tobias akakasirika kweli kwa sababu ile haikuwa kujitolea, alikuwa amechoka kuishi. Cha tatu anataka kuishi, ana mpenzi anamsubiri, bado anaingia. Kwangu hiyo ndiyo tofauti, imepangwa tangu mwanzo.

Rehema: Hapo nakupa. Imepangwa. Lakini imeandikwa vibaya! Vitabu viwili vya kwanza anasimulia Tris peke yake. Cha tatu ghafla sura moja yake, moja ya Tobias. Ukiliona tu jina la Tobias juu ya sura unajua kuna mtu hafiki mwisho, ndiyo maana katafutwa wa kumalizia hadithi. Na sauti zao ni zilezile. Four, yaani Tobias huyohuyo, wa kitabu cha kwanza maneno mawili, macho makali. Huyu wa cha tatu analalamika kutwa nzima. Mara ngapi nimerudi juu kuangalia jina, hivi anayeongea nani?

Zuhura: Hilo kweli 😂 hata mimi nilirudi.

Mjomba Salum: Kwani ule mji wao wa Chicago na yale makundi matano yaliishia wapi? Mimi niliishia ya kwanza, umeme ulikatika.

Rehema: Mjomba, kumbe mji mzima ulikuwa majaribio ya vinasaba. Nje, kwenye uwanja wa ndege wa O'Hare, kuna wataalamu wanawachungulia kwenye skrini miaka yote. Watu wamegawanywa, wenye vinasaba salama na walioharibika. Tobias anaambiwa yeye kaharibika, anachanganyikiwa, anajiunga na waasi, bomu linalipuka, rafiki yao Uriah anaumia mpaka anafariki.

Hamisi: URIAH PIA??

Rehema: Sasa sikilizeni hii. Wataalamu wanataka kuwafuta kumbukumbu watu wa Chicago. Kina Tris wanasema huo ni ukatili, haiwezekani. Dawa yao ni nini? Kuwafuta kumbukumbu wataalamu! Ndiyo kazi iliyompeleka Tris chumba kile cha silaha, anabonyeza kitufe kabla ya kukata roho. Na hakuna anayekaa chini akauliza, jamani, sisi na wao tuna tofauti gani?

Zuhura: Hapo sina utetezi.

Mama Zai: Na huyo kijana? Alioa?

Zuhura: Mama mdogo 😂 Alikuwa mjini kumsuluhisha mama yake. Anarudi na furaha yake, anaambiwa Tris hayupo. Baadaye anachukua dawa ileile ya kusahau, kichupa kiko mkononi, rafiki yao Christina anamkuta. Sura ile Rehema huwezi kuniambia imeandikwa vibaya.

Rehema: Ile siigusi. Nililia kwenye daladala, kondakta akaniuliza kama nimeibiwa simu.

Hamisi: Aliinywa?

Zuhura: Soma.

Hamisi: Nirushie basi.

Zuhura: Ninacho cha karatasi tu, nilikiacha kwa mama mdogo Krismasi.

Mama Zai: Kile kinene? Nimekiweka chini ya mguu wa friji, sakafu haijakaa sawa.

Rehema: Mahali pake kabisa 😂😂

Zuhura: Mama mdogo nakuja leoleo. Tafuteni tofali.