Naomba ushauri: kipima mionzi cha Geiger kwa kidato cha nne

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha fizikia shule ya kata, na mada ya mionzi nururifu bado ni ya chaki tu. Nusu-maisha (muda wa nusu ya atomi nururifu kuoza) tunaifanya kwa dadu, inaeleweka vizuri. Sasa nataka wanafunzi wasikie kipima Geiger kikilia. Vya bei nafuu mtandaoni vingi vina mrija wa SBM-20 au J305, unaonasa mionzi ya beta na gama, alfa haipenyi. Chenye kidirisha cha maika, kinachopitisha alfa, bei haishikiki.

Kwa chanzo nafikiria mbolea ya MOP (kloridi ya potasiamu), maana ina potasiamu-40 inayotoa mionzi kiasili, nisianze kuhangaikia kibali cha TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania). Je, tofauti ya mlio itasikika darasani? Na forodha hawasumbui? Aliyewahi kuagiza anielekeze.