Je, msalabani Baba alimwadhibu Mwana? Naomba tulifikirie upya fundisho hili

Mwalimu wa Kipaimara, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Ninafundisha darasa la kipaimara katika usharika mmoja wa Kilutheri, na kila tunapofika sehemu ya pili ya Imani ya Mitume huwa ninafundisha kama nilivyofundishwa mimi: kwamba dhambi zetu zilistahili adhabu, kwamba haki ya Mungu ilidai adhabu hiyo itekelezwe, na kwamba Yesu alisimama mahali petu, ghadhabu ya Baba ikamshukia yeye badala ya kutushukia sisi. Safari hii binti mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama baba amekasirishwa na kosa langu, akampiga kaka yangu asiye na kosa, kisha akaniambia amenisamehe, hapo amesamehe au amemaliza hasira zake tu?"

Nilimjibu kwamba Yesu alijitoa kwa hiari, nikamsomea Yohana 10:18. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikumtosha, na nikilipima naona kwa nini: hiari ya anayepigwa haielezi sababu ya anayepiga. Tangu hapo ninajiuliza kama nilichokuwa nikifundisha ndilo fundisho la kanisa lote tangu mwanzo, au ni maelezo ya watu fulani wa zama fulani ambayo tumeyarithi bila kuyauliza yametoka wapi. Vilevile nataka kujua, kama tukiyaweka kando, tutaisomaje Isaya 53, na tutafanya nini na Waebrania 9:22 isemayo kwamba "pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo".

Sitafuti kuuondoa msalaba katika imani. Ninatafuta kuuelewa, na wale watakaotaka kuniambia nimepotoka naomba waje na Maandiko.

Mchungaji Mstaafu

Mwalimu, usimnyamazishe binti huyo. Swali lake liliulizwa na Peter Abelard, mwanateolojia wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1142, katika ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi: inawezekanaje Mungu apendezwe na kifo cha asiye na hatia kiasi cha kupatanishwa na ulimwengu kwa sababu ya kifo hicho?

Jambo la kushika kwanza ni kwamba mitaguso ya kale, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, haikuweka maelezo rasmi ya namna msalaba unavyookoa. Imani ya Nikea, kama ilivyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, inakiri kwamba alisulubiwa kwa ajili yetu zamani za Pontio Pilato, na haiendi mbali zaidi ya hapo. Mababa waliobishana hadi kufukuzana kuhusu nafsi ya Kristo waliziacha picha nyingi za kifo chake zikae pamoja kwa amani. Iliyoenea zaidi ilikuwa picha ya ushindi: binadamu alikuwa mateka wa dhambi, mauti na Ibilisi, na Kristo aliingia katika kifungo hicho akakivunja kutoka ndani. Makanisa ya Kiorthodoksi huimba hivyo kila Pasaka hadi leo, kwamba Kristo ameikanyaga mauti kwa mauti. Picha hiyo nayo ilikuwa na vituko vyake, maana Gregori wa Nisa katika karne ya 4 alifika kusema kwamba Ibilisi alinaswa kama samaki, mwili wa Yesu ukiwa chambo na uungu wake ukiwa ndoana iliyofichwa ndani.

Anselm wa Canterbury, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1098, ndiye aliyekataa wazo kwamba Ibilisi alikuwa na haki yoyote ya kulipwa. Yeye aliishi katika jamii ya mabwana na watumishi wao, ambamo kosa lilikuwa kwanza kumvunjia mkuu heshima, na heshima iliyovunjwa ilipaswa kurudishwa. Watu wengi humbebesha Anselm mzigo usio wake, wakidhani ndiye aliyesema kwamba Kristo aliadhibiwa. Hoja yake ilikuwa kwamba kosa hufuatwa ama na malipizo, yaani kuirudisha heshima iliyovunjwa, ama na adhabu, na kwamba Kristo alitoa malipizo ili adhabu isiwepo. Hatua ya kusema kwamba Kristo alibeba adhabu yenyewe, kwa lugha ya mahakama, ilikomazwa na warekebishaji wa karne ya 16, hasa Yohane Calvin, ambaye alikuwa amesomea sheria kabla ya kuandika teolojia. Kujua asili ya wazo hakulifanyi kuwa la uongo, lakini kunatuonyesha kwamba ni jengo lenye mjenzi na tarehe.

Sasa tuje nyumbani kwetu Walutheri. Fungua Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, hiyohiyo unayoitumia darasani, usome maelezo ya sehemu ya pili: Kristo amenikomboa kutoka katika dhambi, mauti na nguvu za Ibilisi, si kwa dhahabu wala fedha, bali kwa damu yake. Angalia ni nani ambao tumekombolewa kutoka mikononi mwao. Baba hayumo katika orodha hiyo. Gustaf Aulén, mwanateolojia wa Sweden, alilishikilia sana jambo hili katika mihadhara yake ya mwaka 1930, akidai kwamba moyo wa Luther ulikuwa katika picha ya kale ya ushindi. Nadhani alivuta kamba kupita kiasi, kwa kuwa Luther huyohuyo, akifafanua Wagalatia 3:13, anamwita Kristo mwenye dhambi mkuu kuliko wote kwa jinsi alivyozichukua dhambi zetu. Tena Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri, katika kifungu cha 3, linasema Kristo alikufa ili ampatanishe Baba nasi. Kwa mwelekeo huo Paulo hasemi hata mara moja. Yeye husema "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19), yaani aliyehitaji kurudishwa ni ulimwengu, na anayerudisha ni Mungu mwenyewe.

Kuhusu Isaya 53, kabla ya kufika mstari wa 5, usemao kwamba alijeruhiwa kwa makosa yetu, simama kwanza kwenye wa 4: "Lakini tulimdhania ya kuwa amepigwa, amepigwa na Mungu, na kuteswa." Nabii anaweka maneno hayo katika kinywa cha watazamaji ambao baadaye wanatambua kwamba hawakuona sawasawa. Siwezi kuificha sehemu ngumu, maana mstari wa 10 unasema Bwana aliridhika kumchubua, na hakuna ufafanuzi unaoweza kuifuta. Ninachosema ni kwamba sura hiyo ina mvutano ndani yake, na mhubiri anayeusoma mstari wa 10 bila wa 4 ameukata mvutano huo kwa mkono wake.

Kuhusu dhabihu ndiyo ningependa ukae zaidi, kwa sababu hapo ndipo tunapoingiza katika Torati mambo ambayo haiyasemi. Katika Walawi 16, penye sheria ya Siku ya Upatanisho, kuna mbuzi wawili. Yule anayewekewa dhambi za Israeli kichwani hachinjwi. Anapelekwa nyikani akiwa hai. Yule anayechinjwa haambiwi kwamba amebeba dhambi, na damu yake inaingizwa patakatifu kupatakasa. Na katika Walawi 5:11, maskini asiyeweza kupata hata makinda mawili ya njiwa anaruhusiwa kuleta unga kuwa sadaka ya dhambi, na anasamehewa. Unga hauwezi kuadhibiwa. Ndiyo maana hata Waebrania 9:22 husema kwamba katika Torati karibu vitu vyote husafishwa kwa damu. Mwandishi aliijua Torati yake vizuri. Damu katika Walawi 17:11 ni uhai unaotolewa, nao uhai ndio unaoondoa unajisi wa mauti. Isitoshe, Yesu alikwenda kufa wakati wa Pasaka, sikukuu ya watumwa kutoka Misri, hakungoja Siku ya Upatanisho, na mwanakondoo wa Pasaka hakuwa sadaka ya kuadhibiwa kwa niaba ya mtu.

Binti wa Uamsho, Bukoba

Tukutendereza Yesu. Mchungaji, shikamoo, na nimekusoma kwa makini, lakini naomba niseme neno kwa niaba ya wazee wetu.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya Uamsho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika kwetu Bukoba na hata Kenya. Walokole, watu wa Uamsho huo, hawakuwa na habari za Anselm wala Aulén, na sijui kama walihitaji. Walikuwa na damu ya Yesu. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja aliyoyaiba na aliyemchukia, kisha akasema amesafishwa, na kesho yake alirudisha alichoiba. Kenya ya Kati, wakati wa vita vya Mau Mau, wako waliokataa kiapo cha wapiganaji kwa kusema kwamba wameshainywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine, na baadhi yao waliuawa kwa ajili ya kauli hiyo. Askofu Festo Kivengere alikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, na akaandika hadharani kwamba anampenda Idi Amin, rais ambaye chini ya utawala wake Luwum aliuawa. Nguvu hiyo aliipata kwa Yesu anayewaombea msamaha wanaomsulubisha.

Ninaogopa kwamba tukimaliza kuusafisha msalaba ili usiudhi akili ya kijana wa leo, tutabaki na mfano mzuri wa upendo usioweza kumwondolea muuaji hatia yake. Mtu aliyeua hasumbuliwi na swali kama Mungu ana hasira. Anajua kwamba anastahili hasira. Kwake yeye, kusikia kwamba mwingine amesimama mahali pake ni kitu pekee kinachomwezesha kuinua uso. Mchungaji, ukiliondoa "badala yangu", umwambie nini mtu huyo?

Hata hivyo naungana na mwalimu katika jambo moja ambalo wanaume wengi hawalitaji. Nimekaa katika vikao vya wanawake ambamo mke anayepigwa anaambiwa avumilie, kwa kuwa Yesu naye alipigwa akanyamaza, na kwamba mateso yake yatamwokoa mume. Mafundisho yanayompa mpigaji nafasi ya Mungu na kumpa mpigwa nafasi ya Mwana ni sumu, na hayo nayo yanatokana na namna tunavyousimulia msalaba.

Mkatoliki Msomaji

Tumsifu Yesu Kristo. Nachangia kwa ufupi. Sisi tunaiita Misa sadaka, kwa hiyo lugha ya dhabihu si ngeni kwetu hata kidogo, lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 603, inasema wazi kwamba Yesu hakukataliwa na Mungu kana kwamba yeye mwenyewe alitenda dhambi. Nadhani Mprotestanti na Mkatoliki wanaweza kukaa meza moja juu ya hilo. Kwa dada wa Bukoba: "badala yangu" inaweza kubaki palepale bila kumfanya Baba kuwa mtekelezaji wa kipigo.

Mwalimu wa Kipaimara, Moshi

Nawashukuru nyote, na dada wa Bukoba amenigusa kwa yale ya vikao vya wanawake. Kuna swali moja limebaki, na najua binti yule atalileta. Ikiwa Baba hakumwadhibu Mwana, mbona Yesu alilia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha"? Mimi nimefundisha siku zote kwamba hapo ndipo Baba alipogeuza uso wake, kwa kuwa hawezi kuitazama dhambi.

Mchungaji Mstaafu

Marahaba, binti yangu. Ninakujibu wewe kwanza. Sikuondoa "badala yangu", na nisingethubutu. Kristo alisimama mahali ambapo mimi ningesimama: chini ya laana, chini ya mauti, chini ya hukumu ya Pilato, iliyokuwa adhabu ya Roma kwa watumwa na waasi. Muuaji wako nitamwambia kwamba hukumu anayoiogopa ipo kweli, na kwamba Hakimu mwenyewe ameshuka kuibeba pamoja naye na kwa ajili yake. Ninachokataa ni kumgawa Mungu pande mbili, Baba mkali upande mmoja na Mwana mpole upande wa pili, maana hapo tumeukana Utatu kwa nia njema ya kuutetea wokovu.

Mwalimu, Marko 15:34 ni mwanzo wa Zaburi ya 22, na zaburi hiyo haiishii hapo. Mstari wa 24 unasema juu ya mteswa kwamba Mungu "wala hakumficha uso wake, bali alipomlilia akamsikia". Maneno kwamba Baba aligeuza uso hayapo katika Injili yoyote kati ya nne. Tumeyapata kwenye mahubiri na nyimbo.

Lakini sitaki kukupa jibu jepesi, kwa sababu wako wanaoisoma zaburi yote haraka ili kilio kisisikike. Jürgen Moltmann, mwanateolojia wa Ujerumani aliyeanza kusoma Biblia akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Waingereza, alisema katika kitabu chake cha mwaka 1972 kwamba kilio hicho lazima kiachwe kiwe kilio: Mwana aliachwa kweli, na Baba naye aliteseka kwa kumpoteza Mwana. Ninakubaliana naye kuhusu uzito wa kilio, ila neno "kuachwa" nalitafsiri kwa udogo zaidi kuliko yeye: Baba hakumwokoa Mwana kutoka mikononi mwa watu, na hilo lilikuwa la kutosha kumfanya mtu alie.

Kwa darasa lako ningeshauri uanzie Matendo 2:23-24, mahubiri ya Petro ya siku ya Pentekoste. Petro anasema Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu, na kwamba waliomwua ni watu, kwa mikono yao, halafu Mungu akamfufua. Waulize vijana waorodheshe ni nani anatenda nini katika mistari hiyo miwili. Kisha wasome Marko 15 na Zaburi ya 22 yote, kwa sauti, kabla hujawaeleza lolote. Binti aliyeuliza akitaka kujua kama ghadhabu ya Mungu ipo, mwambie ipo, na umwonyeshe katika Warumi 1 inavyofanya kazi: Mungu anawaacha watu wavune walichokichagua. Msalabani walichokichagua ni kumwua Mwana wake.