Lightroom Classic: picha za harusi hazitoki zote, na nyingine zinatoka ndogo

studio_kona

Wakuu habarini. Nina picha 1,140 za harusi kwenye Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, zote NEF (faili ghafi, yaani RAW, za Nikon) za megapikseli 24, kutoka kamera mbili. Katalogi (faili ambamo Lightroom inakumbuka picha ziko wapi na uhariri wake) iko kwenye SSD ya ndani, yaani C. NEF zenyewe ziko kwenye diski mbili za nje za USB, kila kamera na diski yake. Kompyuta ni Windows 11, RAM GB 16, kadi ya grafiki ya GB 4. Natoa ("Export") JPEG, "Quality" 100, sRGB, bila kupunguza ukubwa.

Nikielekeza kwenye folda ya Pictures haitoki hata moja, naambiwa folda haiwezi kutengenezwa. Nikielekeza kwenye diski ya nje kazi inaanza vizuri, ila mwishoni linakuja dirisha la "Some export operations were not performed" na orodha ya picha zilizokwama. Zilizotoka nazo si sawa: nyingi ni pikseli 6000 x 4000, lakini zipo zenye 2560 x 1707. Hizo ndizo zinazonitia wasiwasi, maana albamu ni ya sentimita 30 kwa 45.

Nimeshauriwa niondoe programu niisakinishe upya. Kabla sijafika huko, chanzo kinaweza kuwa nini?

fundi_pikseli

Usiondoe kitu, mkuu. Kusakinisha upya hakutagusa lolote kati ya hayo uliyoyataja. Una matatizo zaidi ya moja yanayoonekana kama moja kwa sababu yote yanajitokeza wakati wa kutoa picha.

Anza na hiyo 2560. Namba hiyo haiji kwa bahati: ndiyo urefu wa juu kabisa wa upande mrefu wa Smart Preview, yaani nakala ndogo ya picha inayohifadhiwa pamoja na katalogi. Lightroom ikikosa NEF yenyewe lakini Smart Preview yake ipo, inaitoa picha kutoka kwenye Smart Preview. Kwa maneno mengine, picha hizo za pikseli 2560 ni zile ambazo katalogi haizioni faili zake halisi. Na huenda sehemu ya zile zilizokwama ni ndugu zao: nazo faili zake hazionekani, ila hazikutengenezewa Smart Preview, kwa hiyo hakuna cha kutoa.

Hakiki hivi. Nenda Library, fungua menyu ya "Library", chagua "Find All Missing Photos". Kisha bofya picha mojawapo na utazame chini ya histogramu. Ukikuta "Smart Preview" peke yake bila neno "Original", jibu unalo.

Kwa mtu mwenye diski mbili za nje kwenye Windows, sababu ya kawaida ni herufi ya diski. Diski iliyokuwa F jana, leo umetangulia kuchomeka flashi, flashi ikachukua F na diski ikawa G. Katalogi bado inatafuta F. Pitisha kipanya juu ya jina la folda kwenye paneli ya Folders, utaonyeshwa njia ambayo katalogi inaikumbuka. Baada ya hapo:

1. Chomoa flashi na kadi zote, acha diski mbili tu.
2. Bofya kulia kitufe cha Start, chagua "Disk Management".
3. Bofya kulia diski iliyopotea, "Change Drive Letter and Paths", kisha "Change", uirudishie herufi ileile iliyo kwenye katalogi.
4. Funga Lightroom, ifungue tena. Alama za kuuliza kwenye folda zinapaswa kutoweka.

Ukitaka kumaliza kabisa, ipe herufi ya mbali kama P au R ambayo flashi haitaifikia, halafu bofya kulia folda ya juu kabisa ndani ya Lightroom na uchague "Find Missing Folder". Ukiirekebisha folda mama, zilizo ndani yake zinafuata. Kama folda mama haionekani, tumia kwanza "Show Parent Folder".

Onyo moja, na hili limewaliza wengi: picha zikiwa zimepotea hivi usitumie "Synchronize Folder" ukaacha tiki kwenye "Remove missing photos from catalog". Itazifuta kwenye katalogi pamoja na uhariri wake. Usiziingize upya pia. Utapata nakala za pili zisizo na marekebisho.

taa_na_kivuli

Mimi nadhani ni GPU, yaani hiyo kadi ya grafiki. Kadi ya GB 4 na picha zenye AI Denoise (kusafisha chengachenga) na maski nyingi, lazima ikwame. Edit, "Preferences", "Performance", kwenye "Use Graphics Processor" weka "Custom", ondoa tiki ya "Use GPU for export". Au kama ni NVIDIA weka draiva ya Studio kutoka kwao wenyewe, usitegemee ile ya Windows Update.

fundi_pikseli

Inawezekana kwa baadhi ya zilizokwama, ila GPU haitoi picha ya 2560 na haizuii folda ya Pictures. Isitoshe kuna njia ya kuijua bila kubahatisha: toa tena zile zilizokwama peke yake. Zikikwama zilezile, tatizo liko kwenye faili. Zikikwama tofauti kila mara, hapo ndipo unashuku GPU, RAM, waya wa USB au habu isiyotoa umeme wa kutosha kwa diski mbili. Diski ya nje ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta wakati wa kutoa, habu ni ya kipanya na kibodi.

Ili zirudiwe zilizokwama tu, chagua zote 1,140, elekeza kwenye folda ileile, na kwenye "Existing Files" weka "Skip". Zilizokwishatoka zitarukwa. Lakini kwanza fungua folda hiyo kwenye Explorer, weka mwonekano wa "Details", bofya kulia vichwa vya safu uongeze "Dimensions", panga kwa safu hiyo. Futa zote za 2560 na zote zenye KB 0. Usipozifuta, Lightroom itaziona zipo na kuzipita, nawe utadhani kazi imekwisha.

mama_previu

Kuhusu Pictures: hiyo inafanana sana na Controlled folder access, kinga ya Windows dhidi ya virusi vya kuteka faili. Ikiwashwa, programu isiyo kwenye orodha yake hairuhusiwi kuandika ndani ya Documents, Pictures, Videos na Music. Programu inasoma bila shida, ikitaka kutengeneza folda inakataliwa, na ujumbe unaokuja hausemi kabisa kwamba aliyezuia ni ulinzi wa Windows.

Jaribio la nusu dakika: tengeneza folda C:\Toa, toa picha moja humo. Ikitoka, fungua Windows Security, "Virus & threat protection", shuka hadi "Manage ransomware protection". Tazama "Block history", Lightroom.exe ikiwa pale, nenda "Allow an app through Controlled folder access" na uiongeze. Faili iko ndani ya C:\Program Files\Adobe\Adobe Lightroom Classic. Sipendekezi kuzima ulinzi mzima, unafaa kubaki. Ukiwa na antivirusi nyingine, nayo huenda ina kinga ya aina hiyo kwa jina lake.

Angalia pia kama Pictures yako imehamishiwa OneDrive. JPEG ya megapikseli 24 kwa "Quality" 100 kadiria MB 15, mara 1,140 ni kama GB 17. Akaunti ya bure ya OneDrive ni GB 5. Picha zitatoka, ila usawazishaji utakwama na bando lako litakwenda bure.

Na hapo kwenye 100: mizani ya Lightroom ina ngazi 13 tu, kwa hiyo 93 hadi 100 ni ngazi moja. Ngazi ya 77 hadi 84 inapunguza faili kwa kiasi kikubwa na kwenye karatasi ni vigumu mtu kuona tofauti. Kwa albamu weka 92, kwa picha za kutumiwa mteja simuni weka 80 na upande mrefu 2048.

lenzi_ya_pwani

Niongeze la wanaotumia Mac, maana dalili ni hizohizo. Mac inasoma diski ya NTFS (fomati ya kawaida ya Windows) lakini haiiandikii, kwa hiyo diski iliyotoka kwenye kompyuta ya Windows haitapokea picha hata moja. Hamisha data kwanza, kisha ifomati exFAT, inayokubalika Mac na Windows. Vinginevyo ingia System Settings, "Privacy & Security", "Files and Folders", uone kama Lightroom imeruhusiwa kufikia diski za nje.

Swali dogo wakuu: "Limit File Size To" nikiweka 300K kwa picha kamili, nyingi zinakataa. Ni sawa?

mama_previu

Ni sawa kabisa. Pikseli milioni 24 hazibanwi hadi KB 300, hasa picha yenye majani, nywele au chengachenga za ISO kubwa. Zinazopita ni zile zenye ukuta mweupe au anga tupu. Punguza vipimo kwanza kwenye "Image Sizing": "Long Edge" 1600, ndipo uweke kikomo. Kubadilisha "Resolution" kutoka 300 kwenda 72 ukiwa umeacha vipimo vya pikseli hakupunguzi faili, ni lebo tu inayosomwa na mashine ya kuchapia.

studio_kona

Nimerudi na majibu. "Find All Missing Photos" imeleta karibu picha zote za kamera ya pili. Diski yake ilikuwa F kwenye katalogi, sasa ni G. Nimeirudishia F, alama za kuuliza zimeondoka, nimefuta zile za 2560 na kutoa tena kwa "Skip". Zote ni 6000 x 4000. Block history nayo ilikuwa na Lightroom.exe, nimeiruhusu na Pictures inapokea.

Zimebaki 9. Ni zilezile kila nikirudia, GPU ikiwa imewashwa au imezimwa. Kwenye Library zinaonekana nzuri tu, lakini nikiingia Develop (sehemu ya kuhariri) inasema faili imeharibika, na mbili zina ukanda wa kijivu nusu ya chini.

fundi_pikseli

Hizo 9 ni faili zilizoharibika, Lightroom haina la kufanya. Kwenye Library zinaonekana nzuri kwa sababu unachokiona pale ni JPEG ndogo iliyotoka ndani ya NEF au previu ya zamani. Develop ndiyo inayolazimika kusoma data yote.

Kama kadi bado haijafomatiwa, nakili hizo 9 upya kwa kisoma kadi kingine, na ulinganishe ukubwa kwa baiti, si kwa MB. Zikifunguka, uharibifu ulitokea wakati wa kunakili. Weka NEF mpya mahali pa ile mbovu kwa jina lilelile, uhariri wako utabaki.

Kama zimeharibika kwenye kadi pia, bado kuna nafasi. NEF hubeba JPEG ya ukubwa kamili ndani yake, na mara nyingi sehemu hiyo inapona hata data ya RAW ikiwa imekatika. Pakua ExifTool, programu ya kusoma na kuchomoa data iliyo ndani ya faili za picha, weka nakala za NEF hizo kwenye folda moja, fungua dirisha la amri humo na uandike:

exiftool -b -JpgFromRaw -w _ndani.jpg -ext NEF .

Usisahau nukta ya mwisho, ina maana ya folda uliyomo. Utapata JPEG zenye rangi za kamera, bila uhariri wako. Nafasi ya kurekebisha mwanga ni finyu kuliko RAW, kwa hiyo gauni jeupe lililoungua halitarudi, lakini kwa ukurasa wa albamu zinatosha. Hizo 2560 zingechapishwa kwa sentimita 45 ungepata nukta 144 kwa inchi. Hizi zitakupa zaidi ya 300.

Kisha ipime kadi yenyewe kabla ya kazi nyingine. Hamisha kila kitu, ifomati, endesha H2testw, programu ya kupima kadi, ukiwa umechagua "all available space". Inaijaza kadi yote kisha inasoma ilichoandika. Usiijaribu kadi ikiwa na picha ndani: kadi bandia yenye uwezo mdogo kuliko ulioandikwa inaweza kuandika juu ya zilizopo. Ikileta kosa hata moja, kadi hiyo usiirudishe kwenye kamera.

taa_na_kivuli

Na kama kamera ina nafasi mbili za kadi, weka ya pili kwenye "Backup" (kila picha inaandikwa kwenye kadi zote mbili) badala ya "Overflow" (ya pili inatumika ya kwanza ikijaa).